Mama wa Dirisha la Tiketi

Kwenye familia ya Mama Mapazia, mchumba haletwi nyumbani ili ale, aulizwe kazi yake, kisha aende zake. Analetwa kuonana na mama wa nyumba, aliyemzaa Mama Mapazia. Na kwa kuwa mama wa nyumba alishafariki siku nyingi, anaonana naye kwenye televisheni.

Wasiojua hucheka, na wacheke tu. Mama huyo alikuwa karani wa tiketi kwenye stesheni ya treni. Siku moja, akiwa ameolewa juzi juzi tu, walikuja watu wa filamu na makamera yao, na mwigizaji aliyetakiwa kukaa dirishani hakutokea. Mwongozaji akamgeukia karani wa kweli, akamwambia abaki pale pale kwenye kiti chake, na mwanamume fulani akija anahema amwambie kile anachowaambia wachelewaji kila siku. Karani akasema: "Treni imeshaondoka, kaka yangu. Njoo kesho, na kesho usinijie umekatika pumzi." Basi, hayo tu. Hiyo ndiyo sauti pekee ya mama iliyobaki duniani. Enzi hizo hapakuwa na simu za kurekodi kila kikohozi cha mtu. Harusi yao ilipigwa picha za karatasi, na picha za karatasi hazisemi.

Kwa hiyo kila aliyeingia kwenye familia ile alipitia hapo. Mume wa Mama Mapazia alipitia hapo, mke wa kaka yake alipitia hapo, na wajukuu nao, kila mmoja alipoanza kujua kusalimia. Mgeni anakalishwa kwenye kochi kubwa. Baba anaisogeza filamu mpaka mahali anapopajua yeye, dirisha la tiketi linafunguka, mama anasema maneno yake, na Baba anayasema pamoja naye bila kukosea hata kituo. Halafu mgeni anaiambia televisheni, "Shikamoo Mama," na Baba anaitikia marahaba kwa niaba. Filamu inazimwa, chakula kinaletwa.

Sasa ilikuwa zamu ya mchumba wa Kitinda, mdogo wao wa mwisho. Kijana mwenyewe ni fundi wa lifti, mpole, ana mikono mikubwa asiyojua aiweke wapi akiwa mbele za watu. Angekuja Jumamosi pamoja na wajomba zake. Siku chache kabla, Mama Mapazia alifunga mapema karakana yake ya kushona mapazia akaenda kwa Baba kuhakikisha mambo, kwa sababu katika familia ile asipohakikisha yeye hakuna anayehakikisha. Alikagua vikombe. Alikagua kochi. Akawasha televisheni, na filamu haikuwepo.

Palipokuwa na picha yake palikuwa na kiboksi cha kijivu kilichoandikwa: Maudhui haya hayapatikani tena. Alizima akawasha. Alichomoa waya akachomeka. Aliipiga televisheni kofi la ubavuni, dawa iliyotibu televisheni zote za utoto wake, na hii ya sasa ilitikisika tu ikabaki na kiboksi chake. Ndipo alipompigia simu kaka yake.

Huyu kaka walimwita Meneja tangu utotoni kwa sababu alipenda kuagiza watu bila mwenyewe kuinuka. Mkanda wa zamani wa filamu ile ulipotafunwa na mashine, ni Meneja aliyeitafuta kwenye duka moja kubwa la mtandaoni akainunua. Alisifiwa kwa jambo hilo mpaka akawa anatembea kifua mbele, na kila ugomvi wa kifamilia ulipomwelemea aliwakumbusha watu nani alimrudisha Mama nyumbani.

"Filamu ya Mama iko wapi?" Mama Mapazia aliuliza.

"Si iko hapo kwenye televisheni, Dada?"

"Haipo."

"Haiwezi kuwa haipo. Niliinunua mimi. Palikuwa na vitufe viwili, Kodi na Nunua. Mimi nikabonyeza Nunua. Hata bei ilikuwa juu."

"Hapa panasema haipatikani tena."

"Labda hujawasha vizuri."

Mama Mapazia alivihesabu tena vikombe ili asimtukane ndugu yake wa damu. Meneja akaenda kuangalia kwenye simu yake mwenyewe, na aliporudi sauti ilikuwa imepungua. Ni kweli haipo. Hapakuwa na barua, hapakuwa na ujumbe wala kwaheri. Dada yake alimwamuru ataje neno lake la siri, naye alijiumauma kabla ya kulitaja, maana lilikuwa "bosi" limeandikwa mara mbili.

Basi Mama Mapazia akakaa kwenye kochi kubwa, akaanza kuandikiana na msaidizi wa lile duka.

"Habari! Nafurahi kukuhudumia leo," msaidizi aliandika.

Mama Mapazia akaeleza kwamba wamenunua filamu na filamu imeondoka.

"Pole sana kwa usumbufu. Je, umejaribu kuzima na kuwasha?"

Akaandika kwamba amezima, amewasha, amepiga.

"Asante kwa uvumilivu wako. Mkataba wetu na mwenye filamu hii umekwisha, hivyo tumeiondoa."

"Mkataba wenu unanihusu nini? Sisi tulinunua."

"Mlinunua ruhusa ya kuitazama kwa muda ambao filamu ipo dukani. Imeelezwa kwenye masharti mliyoyakubali."

"Kitufe kiliandikwa Nunua."

"Naelewa unavyojisikia."

"Huelewi. Mimi nashona mapazia. Mteja akishanunua pazia langu, hata nigombane vipi na aliyeniuzia kitambaa, siendi nyumbani kwa mteja kulivua dirishani."

Msaidizi alikawia kidogo, mpaka Mama Mapazia akadhani labda neno limemwingia.

"Tungependa kukupendekezea filamu nyingine," jibu likaja. "Je, unapenda filamu zenye treni?"

Aliitupa simu kwenye kochi. Alikuwa amepandwa na hasira mpaka masikio yanamwaka, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hapakuwa na mtu wa kumshika shati. Ukiibiwa na mtu, unapiga kelele, watu wanatoka, mwizi anakimbia, angalau unapata kumwona kisogo. Huyu alikuibia huku anakuambia pole.

Alipoinua macho alimkuta Baba amesimama mlangoni. Alikuwa hapo muda wote.

"Imekwenda?" Baba aliuliza.

"Nitaitafuta, Baba."

"Mwambie mdogo wako, Jumamosi isogezwe."

"Baba, wajomba wa kijana wameshaomba ruhusa makazini. Kitinda ameshashona nguo."

"Waje. Nitawapokea kama wageni. Kama wakwe sitawapokea. Hakuna aliyeingia kwetu bila kuonana na mama yenu, na sitaanzia kwa huyu." Alisogea akakaa pembeni yake, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Halafu nikwambie kitu, mwanangu, usiwaambie wenzako. Sauti yake imeanza kunipotea. Zamani nilikuwa namsikia akiniita, akilalamika joto, akicheka na jirani. Sasa nikimkumbuka, anasema yale maneno ya dirishani tu. Ndiyo niliyobaki nayo. Na hayo nayo yakienda..."

Mama Mapazia alimshika mkono. Alikuwa amedhani jambo ni mchumba. Kumbe mzee alikuwa anampoteza mkewe mara ya pili, na safari hii kwa kitufe.

Siku iliyofuata simu ya karakana haikupumzika. Kitinda alipiga akilia kwamba Baba anamharibia maisha. Mama Mapazia akambembeleza huku amebana pini midomoni. Meneja naye alipiga, ameshachangamka tena.

"Dada, nimepata suluhisho. Tumsimulie tu kijana. Wewe si unaweza kuiga sauti?"

"Niige sauti ya Mama mbele ya Baba?"

"Ni wazo tu. La pili: kuna duka jingine la mtandaoni wanayo. Ninunue?"

"Ukibonyeza Nunua tena popote pale, nakuja kukuvunja kidole."

Akakata. Mteja aliyekuwa akisubiri mapazia yake ya sebuleni alijifanya anaangalia rangi za nyuzi. Kati ya mshono na mshono Mama Mapazia alikuwa akitafuta, kwa kidole kimoja, jina la filamu, kisha jina la mwongozaji. Mwishowe akafika kwenye ukurasa mmoja mkavu, hauna mapambo, ambao mwongozaji mwenyewe alikuwa anauzia filamu zake alizotengeneza bila kampuni ya mtu. Iliandikwa hivi: Ukinunua hapa, unapakua faili. Faili ni lako. Halitaniuliza mimi wala mtu mwingine kabla halijafunguka. Mama Mapazia aliyasoma maneno hayo mdomo ameupinda. Wimbo wa "ni lako" alishaimbiwa na wale wa duka. Chini kulikuwa na namba ya simu, akapiga.

Ilipokelewa na sauti ya mwanamke mtu mzima, yenye mikwaruzo.

"Wewe ndiye uliyetengeneza ile filamu ya stesheni?"

"Ndimi. Naongea na nani?"

"Unaongea na mtu uliyemnyang'anya mama yake."

Yule mwanamke akasema, "Hebu kaa vizuri, mwanangu, unieleze." Mama Mapazia akaeleza yote, dirisha la tiketi, mkanda uliotafunwa, Meneja na kitufe chake, Baba, Jumamosi.

"Yule karani," mwongozaji alisema polepole. "Alituokoa siku ile. Mwigizaji wangu alikuwa analipwa na alishindwa kufika, yeye alikuwa kazini kwake na hakudai kitu. Pole sana. Niliowanyima filamu ni wale wenye duka, sikujua nakunyima wewe. Wameiuza miaka yote, na kila nikiuliza wameuza ngapi naambiwa wanafurahi kunihudumia."

"Hata mimi wanafurahi kunihudumia."

Walicheka wote wawili, bila kupenda.

"Sasa hili faili lako," Mama Mapazia alisema, "kesho ukigombana na mtu, nitaamka nikute kiboksi cha kijivu?"

"Gombana hata na mimi mwenyewe. Likishaingia kwenye kompyuta yako sina mkono wa kulifikia. Ndiyo maana nauza hivi. Mtu akilipia kitu changu sitaki kumfuata nyumbani. Nakili uwape ndugu zako, ila usifungue duka."

Mama Mapazia alilipa. Angalau huyu alikuwa mtu mwenye masikio, ukimgombeza anasikia.

Mtu angedhani balaa limeisha. Faili lilikuwa kubwa, na kompyuta pekee yenye nguvu katika ukoo ilikuwa ya Meneja, nayo ilikuwa imejaa picha za Meneja. Meneja mbele ya magari yasiyo yake. Meneja ameshika simu sikioni, anajifanya anaongea. Ijumaa asubuhi Mama Mapazia alizifuta nusu mbele ya macho yake, akaanzisha upakuaji, akamkalisha kaka yake kwenye kiti aulinde kama mtoto mchanga, akarudi karakanani. Aliporudi alasiri alikuta kompyuta imefungwa, imefunikwa na taulo.

"Nini hiki?"

"Ilikuwa imepata moto sana, Dada. Nikaifunga ipumzike. Ilikuwa karibu imalize."

Mama Mapazia alikaa chini, akashika tama. Hakupiga kelele. Meneja mwenyewe alisema baadaye kwamba ingekuwa heri angepiga. Alifungua kompyuta, upakuaji ukaanza upya kutoka sifuri, naye akaketi mbele yake na sindano yake na pindo la pazia la watu, hakunyanyuka hata kwenda kunywa maji. Jua halijazama, faili likaingia lote. Akalifungua aone, dirisha likafunguka, akasikia "Treni imeshaondoka, kaka yangu," akalifunga haraka kwa sababu hakutaka kulia mbele ya Meneja. Akanakili kwenye flashi tatu. Moja akaitia kwenye kopo la vifungo, moja akampa mumewe, na moja akaining'iniza shingoni kwa uzi wa pazia.

Jumamosi alasiri wajomba walifika wamevaa suti, na fundi lifti katikati yao, tai imemkaba. Walikalishwa kwenye kochi kubwa. Kitinda alikuwa anauma kucha. Mama Mapazia alichomeka flashi nyuma ya televisheni, roho mkononi. Ikafunguka. Picha ilikuwa safi kuliko walivyowahi kuiona, mpaka vumbi lililokaa kwenye kioo cha dirisha la tiketi lilionekana. Mama akafungua dirisha.

"Treni imeshaondoka, kaka yangu," akasema, na Baba akasema naye. "Njoo kesho, na kesho usinijie umekatika pumzi."

"Shikamoo Mama," fundi lifti alisema, ameinuka nusu. Wajomba wake wakatazamana, kisha nao wakaamkia.

"Marahaba," Baba aliitikia, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kuyaficha. "Karibu kwetu, kijana wangu."

Pumzi zikashuka. Kitinda akaanza kulia kwa raha. Meneja akaanza kuwaeleza wajomba jinsi alivyosimamia zoezi zima. Mama Mapazia, aliyekuwa hajakaa tangu asubuhi, alinyoosha mkono kuchukua rimoti azime ili wale.

"Samahani," fundi lifti akasema. "Kwani yule bwana alikuja kuipata treni?"

Kila mtu akamtazama mwenzake.

"Bwana yupi?" Baba aliuliza.

"Yule aliyechelewa."

Hakuna aliyejua. Waliimiliki filamu ile kwenye mkanda, wakainunua dukani, wameililia, wameigombea, wameipakua mara mbili, na katika familia nzima hapakuwa na mtu aliyewahi kuitazama baada ya dirisha kufungwa. Mume wa Mama Mapazia alicheka kwa pua. Baba alikuna kidevu, uso umemwiva kwa aibu.

"Acha basi iendelee," alisema. "Mgeni ameuliza."

Chakula kikapoa. Yule bwana wa filamu alilala kwenye benchi, akaibiwa begi, akapendana na mwanamke muuza magazeti, wakaachana, akaondoka kwa miguu. Mjomba mmoja alikoroma. Mama Mapazia alikuwa anawaza wali wake jikoni, na alikuwa amekasirika tena, safari hii na mwongozaji, kwa nini mtu mmoja anahitaji muda wote huo kukosa treni. Kuelekea mwisho yule bwana alirudi stesheni, misimu imepita, ndevu zimemwota. Alisimama jukwaani akingoja. Nyuma yake palikuwa na wachukuzi na mizigo yao, watu wa kweli waliokuwa kwenye shughuli zao bila habari na kamera.

Mlango wa ofisi ya tiketi ukafunguka, mama akatoka.

Hakuwa anaigiza. Alikuwa anamgombeza mchukuzi aliyerundika maboksi mbele ya mlango wake, na muziki wa filamu ulikuwa umefunika sauti, lakini midomo ilikwenda kasi na kidole kilikuwa kinachoma hewa. Mchukuzi alikuwa anarudi nyuma. Na mama alikuwa na mimba kubwa, tumbo limejaa mbele, gauni la kazi limevutika pembeni. Mkono mmoja uligomba. Mkono wa pili ulikuwa chini ya tumbo, unapapasa polepole, juu na chini, kama vile haukuwa na habari na ugomvi wa mwenzake.

Baba alisimama. Alisogea mpaka karibu na kioo.

"Kumbe walirudi," alisema. "Hakuniambia. Pengine hata hakuwaona."

"Baba," Kitinda aliuliza, "huyo tumboni ni nani?"

Baba alihesabu kimoyomoyo, midomo inacheza, ingawa hapakuwa na la kuhesabu. Akageuka akamwangalia binti yake mkubwa, aliyekuwa amesimama na rimoti mkononi na aproni bado kiunoni.

"Ni wewe," alisema. "Alikuwa hivyo hivyo. Anagomba na dunia nzima, na mkono hautoki kwako."

Kwenye televisheni treni ilipita ikawafunika. Mama Mapazia alikaa kwenye kochi kubwa, kando ya mjomba mmoja, na mjomba akasogea kumpisha. Alikuwa amewatambulisha watu wote wa familia ile kwa mama yake, mmoja mmoja, na siku zote alikuwa anasimama nyuma ya kochi akihakikisha. Alibonyeza akarudisha filamu nyuma. Mlango ukafunguka tena, mama akatoka anagomba, mkono uko tumboni, na safari hii alimtazama mpaka mwisho, akarudisha tena.